Watu Wawili Wasiosalimiana

Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu aliyekuwa akihuzunika watu wanapopatana. Majirani waliochukiana miaka mitatu wakishikana mikono mbele ya wazee, wanawake wakipiga vigelegele, yeye husimama nyuma kabisa, kofia mkononi, kama aliyekuja msibani. Halafu njiani huniambia: "Bon. Leo tumepoteza batu babili."

Tulimwita Papa Mwandishi. Alikuwa na gazeti la kurasa nne, lililotoka mara mbili kwa juma katika mji uliokuwa bado unaitwa Stanleyville, miaka ile ya uhuru na ya uasi uliofuata. Nasema gazeti, lakini zilikuwa karatasi tulizozungusha kwa mkono kwenye mashine moja iliyotapika wino, katika chumba kimoja mtaa wa Mangobo, nyuma ya duka la chumvi na sabuni. Yeye aliandika, mimi nilipiga taipu na kuzungusha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeoa karibuni, na mke wangu alishanieleza kwamba taipu ni kazi ya mwanamume aliyeshindwa kubeba gunia.

Watu walinunua gazeti letu kwa ajili ya ukurasa wa tatu, "Usalama wa Mji": nani kaibiwa, wapi watu wamepigwa, njia ipi isipitwe jua likizama. Kumpata mtu wa kukusimulia wizi ni rahisi kuliko kupata maji mtoni. Kumpata wa kuaminika ndiyo kazi. Aliyeibiwa kuku mmoja husema watatu. Polisi aliyekuwa amelala husema alipambana na wezi kumi. Jirani husema alichosikia kwa shemeji yake, na shemeji naye ukimuuliza, amesikia kwa jirani.

Papa Mwandishi alikuwa amepata dawa yake. Habari ni ya kweli, alisema, ikisemwa sawasawa na watu wawili wasiosalimiana.

"Barafiki babili, ile iko mudomo moya," alinifundisha siku yangu ya kwanza. "Lakini maadui babili bakisema kitu moya, andika. Mutu hawezi kukubali neno ya adui yake, isipokuwa kweli yenyewe inamulazimisha."

Ndiyo maana alikuwa na kitabu. Lilikuwa daftari nene, na ndani yake, mtaa kwa mtaa, mliandikwa ugomvi wote wa mji: fulani na fulani, sababu, tangu lini, bado au wamepatana. Mwizi akivunja nyumba Kabondo, Papa Mwandishi hakukimbilia kwa aliyeibiwa. Alifungua daftari, akatafuta maadui wawili wa mtaa ule, akamwendea mmoja, kisha mwingine. Alipenda hasa chuki za zamani. "Ya miaka kumi iko na nguvu," husema, kwa sauti ya mtu anayesifu pombe ya lotoko iliyochujwa vizuri.

Mwanzoni watu walimwogopa. Baadaye kuandikwa kwenye daftari kukawa heshima. Nakumbuka mawifi wawili waliokuja ofisini, kila mmoja kwa njia yake, kulalamika kwamba wamenuniana tangu kiangazi na mpaka siku ile hawajaandikwa, ilhali wale wa nyumba ya pili, wenye ugomvi wa sufuria tu, wana ukurasa mzima.

Hakuwa tayari kuongeza hata unyoya. Siku moja maadui wake wa Tshopo, ng'ambo ya pili ya soko, walihitilafiana: mmoja alisema wameibwa kuku wawili, mwingine mmoja. Tukachapa hivi: "Kuku mmoja ameibwa. Wa pili anachunguzwa."

Ukali huo alijifanyia na yeye mwenyewe. Mwaka wa uhuru wezi waliingia kwake mara mbili, na mara ya pili walibeba kitanda. Nilikwenda nikakuta chumba kitupu, alama nne za miguu ya kitanda zikiwa bado sakafuni.

"Papa, hii tunaiandika," nikasema.

"Shahidi iko nani?"

"Weye, Papa. Na mimi nimeona."

"Weye unanisalimia kila asubui. Haifai."

Alilala kwenye mkeka miezi miwili. Nilimhurumia hata nikaacha kumsalimia juma zima, ili nifae kuwa shahidi na habari ya kitanda ipate kutoka. Alidhani naumwa. Akaniletea kwinini, akasimama hapo hapo mpaka nimeimeza.

Uasi ulipoingia mjini, wale vijana wenye bunduki na majani kichwani wakishika njia panda zote, daftari lilikufa ganzi. Papa Mwandishi alizunguka kama kawaida. Alikwenda kwa maadui wa Mangobo: "Hapana mambo, Papa. Mji iko muzuri." Akaenda kwa wa Kabondo: "Mji iko muzuri sana." Ng'ambo ya mto, Lubunga, watu waliokuwa wametukanana tangu enzi ya Wabelgiji walimpa jibu moja, neno kwa neno, huku macho yao yakitazama barabarani. Kwa mara ya kwanza maadui wote walikuwa wanakubaliana, na yeye aliona wazi kuwa ni uongo. Hakuwa na dawa ya jambo kama hilo.

Basi ukurasa wa tatu ukatoka mtupu. Kichwa cha habari juu, "Usalama wa Mji", na chini yake karatasi nyeupe. Gazeti lile liliisha kabla ya saa nne ya asubuhi. Watu walilikunja wakaenda kulisoma ndani, milango imefungwa.

Ukurasa mtupu ndio uliomleta Komanda.

Alikuja siku ya Ijumaa, asubuhi, juu ya baiskeli nyekundu, askari wawili wakikimbia nyuma yake. Wa tatu alikuja baadaye akitembea, amechoka, akaachwa nje kulinda baiskeli. Komanda alikuwa kijana mfupi, safi, mwenye sauti ya upole, na upole ule ulitutisha kuliko kelele. Akaweka gazeti mezani.

"Papa, hapa haukuandika kitu. Juu ya nini?"

"Sikupata batu ba kusema kweli, Komanda."

"Bon. Andika: Mji iko salama, mwizi hakuna. Mi minasema."

"Weye uko mutu moya," Papa Mwandishi akamjibu kwa adabu. "Inaomba babili. Tena basiwe banasalimiana."

Askari mmoja alinitazama shingo kama fundi anayepima kola. Lakini Komanda hakukasirika. Nadhani alikuwa mtu wa kupenda utaratibu, na alikuwa amekosa utaratibu kwa muda mrefu.

"Alors, batafutwe," akasema.

Na Papa Mwandishi, Mungu amsamehe, alifurahi. Miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza kazi yake inafanywaje. Akavuta droo, akatoa daftari, akalamba kidole.

"Ukurasa ya kumi na mbili. Fundi wa nguo na seremala, nyuma ya musikiti. Miaka tatu. Sababu: mulango na suti."

Kisa chao mji mzima ulikijua. Walibadilishana kazi: seremala amtengenezee fundi mlango, fundi amshonee seremala suti ya harusi. Mlango ukawa haufungi. Mkono mmoja wa suti ukawa unaishia kwenye kiwiko. Tangu siku ile hata "salaam aleikum" waliimeza, wakiwa msikiti mmoja.

Askari wakawaleta, kila mmoja ameshikwa bega. Walipoona Komanda ameketi, wakasogeleana kama kuku wawili kwenye mvua.

"Mji iko salama?" Komanda akauliza.

"Salama kabisa, Komanda," wakajibu pamoja.

Komanda akamgeukia Papa Mwandishi. "Basi. Iko babili."

Papa Mwandishi akatikisa kichwa. "Komanda, utazame. Banashikana mikono. Bunduki yako imebapatanisha. Hapa sina tena maadui, nina bandugu."

Ilikuwa kweli. Fundi alikuwa amemshika seremala kiganja, na hakujua. Komanda akafikiri kidogo, halafu akatoa amri ambayo sijaisikia ikitolewa na mwanajeshi mwingine yeyote.

"Mugombane."

Wakatazamana. Fundi akakohoa. "Ndugu yangu," akaanza, "ule mulango… haikuwa mubaya sana."

"Na ile suti, mukono mufupi inaniletea hewa," seremala akajibu.

"Mugombane muzuri!" askari akapiga kelele.

"Weye… weye uko mutu mubaya," fundi akasema, kisha kwa sauti ya chini, "unisamehe."

Sijui ni neno gani lililowasha moto. Nadhani seremala alisema kwamba mlango ule ungefunga vizuri kama nyumba yenyewe ingesimama wima. Fundi aliachia mkono wake. Alisema nyumba ya baba yake ilisimama wima kabla seremala hajajua kushika msumeno. Seremala akamuuliza kama baba yake naye alishona mikono mifupi. Baada ya hapo hawakutuona tena, wala bunduki hawakuiona.

"Muoga!" fundi akafoka. "Siku ya mardi baaskari bamekamata velo yako mbele ya mulango yako, na ukabaambia merci!"

"Na weye? Bamebeba mashini yako ya kushona saa sita ya muchana, na kabla baende nayo ukabafunga vifungo ya mashati!"

"Mi angalau nilibanyima uzi!"

"Velo yangu nyekundu! Kengele mbili! Kiti nilifunika na ngozi ya mbuzi kwa mikono yangu!"

Hapo ndipo waliposikia walichokuwa wanakisema. Kila mmoja wetu alijitahidi asitazame dirishani, na niliona Komanda naye akijitahidi. Nje, yule askari aliyechoka, aliyekuwa hana la kufanya, akapiga kengele ya baiskeli. Kisha akapiga ya pili.

Nilianza kumwomba Mungu amtunze mke wangu.

Komanda akakwaruza meza kwa kidole. "Andika," akasema mwishowe. "Mji iko salama. Velo moya imeonekana."

"Na mashini ya kushona?" Papa Mwandishi akauliza, penseli mkononi.

Nilifumba macho.

"Mashini," Komanda akasema polepole, "inatafutwa."

Hiyo ndiyo habari ya kweli kuliko zote tulizochapa katika majuma yale.

Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kuchekea tu. Lakini Komanda alipoinuka, mkono wake ulianguka juu ya daftari. Akalifungua. Mwandiko wa Papa Mwandishi ulikuwa kama njia ya siafu walioanguka katika wino. Niliyeweza kuusoma ni mimi tu. Komanda akaligeuza juu chini, akalirudisha.

"Hii kitabu iko na mali," akasema. "Nikijua adui wa mutu, nimejua nani wa kumuuliza juu yake. Mupige yote na taipu, kila jina. Lundi mi natuma mutu."

Askari akahesabu kurasa za kuwa tayari Jumatatu hiyo, akaandika hesabu kwenye kiganja. Kisha Komanda akatoka, akaipita baiskeli bila kuitazama, akaenda zake kwa miguu. Askari wake hawakujua kama inafaa kukimbia nyuma ya mkubwa anayetembea. Seremala akapanda baiskeli yake, fundi akaruka nyuma, wakapotea wakiwa wamekumbatiana.

Papa Mwandishi aliketi. Siku zile kila mtaa ulikuwa na mtu aliyechukuliwa kwa neno moja la jirani, na hakurudi. Na sisi tulikuwa na kurasa themanini na sita za majirani.

"Nimesuka kamba," akasema. "Miaka yote nilidhani minaandika, kumbe minasuka kamba."

"Tuweke majina ya uongo, Papa."

"Taja moya."

Nikataja jina la kwanza lililonijia.

"Huyo anauzisha mafuta ya mawese pale sokoni."

Nikataja lingine.

"Huyo iko muyomba wa muke yako. Mutoto wangu, katika huu mji hakuna jina ya uongo. Kila jina iko na mutu ndani."

"Basi tuichome."

"Bakikosa kitabu batakamata weye na muke yako." Akavaa kofia. "Hatuwezi kubadilisha kitabu. Twende tubadilishe batu."

Siku tatu hizo, Ijumaa mchana, Jumamosi na Jumapili, yule mtu aliyekuwa akilia watu wakipatana alikwenda mlango kwa mlango kuwapatanisha. Hakuwa na kipaji chochote cha kazi hiyo. Hakujua methali, hakujua kubembeleza. Aliwaketisha wawili, akafungua daftari, akawasomea ugomvi wao kama alivyouandika.

"'Alipita mbele ya mulango wangu na sufuria tupu, anacheka.'"

"Mi nilisema hivyo?" mama mmoja wa Mangobo akauliza.

"Mama, ulisema. Tena ulisema niandike kwamba sufuria ilikuwa na tundu."

Mama akamtazama jirani yake. Jirani akaanza kutetemeka mabega. Wakacheka mpaka wakashikana ili wasianguke. Ugomvi mwingi ulikufa hivyo, kwa aibu ya kusomwa. Mwingine ulikufa kwa hofu, maana tulieleza wazi kitabu kinakwenda wapi.

Lakini patano bila kula si patano. Kwa Waislamu nyuma ya msikiti ilikuwa chai na mikate. Kabondo pondu, majani ya muhogo, kila nyumba pondu. Kwa watu wa mto, samaki wa liboke, waliofungwa katika majani, na kwanga ya muhogo. Jumapili tulivuka kwenda Lubunga, na mwenye mtumbwi alimtazama Papa Mwandishi, akamwomba akae katikati kabisa, asiegemee upande wowote.

Jozi moja ilikataa. Walikuwa wanaume wawili wa Kabondo waliotenganishwa na ua wa matete. Papa Mwandishi alipiga magoti mbele ya yule wa kushoto, mtu mzima yule, suruali yake katika matope. Yule bwana akamwambia: "Papa, mi nangoja lundi." Tukaondoka.

Jumatatu askari akachukua karatasi nilizopiga taipu usiku, akalinganisha hesabu na kiganja chake. Jumatano Komanda akarudi, na safari hii upole haukuwapo. Watu wake walikwenda nyumba kumi. Katika nyumba tisa waliwakuta maadui wanachambua maharage pamoja, wanasukana nywele, wanakula sahani moja. Nyumba ya kumi walikuta kitabu kinasema kweli. Yule wa kulia wa ua wa matete alichukuliwa asubuhi ile ile, na mpaka leo mkewe hajapata pa kumzika.

Sisi hatukuijua bado habari hiyo. Tulijua tu kwamba Komanda amesimama mlangoni.

"Papa, kitabu yako iko uongo."

Papa Mwandishi akasimama. Walikuwa wamemwita mchawi, kichaa, mbea, lakini hilo neno hakuna aliyewahi kumwambia. Nikaona mdomo wake unafunguka, nikajua kinachokuja: kwamba kitabu kilikuwa kweli tupu mpaka Ijumaa saa sita. Nilikuwa nimebeba taipu mikononi. Nikaiachia juu ya mguu wake.

"Mama yanguuu!" akalia, na ukweli wake ukapotelea ndani ya kilio hicho.

Komanda alitazama taipu iliyopasuka, akamtazama mzee anayerukaruka. "Gazeti yenye haijue hata nani anachukia nani," akasema, "iko na kazi gani?" Akaifunga ofisi siku ile ile.

Vita vikaja kutoka nje kuwaondoa waasi, na mji ukavunjika. Sitaki kusimulia hayo. Mimi na mke wangu tulikimbia tukifuata mto, na Papa Mwandishi nikampoteza.

Nilimwona mara moja tu baadaye. Mji ulikuwa umeshabadilishwa jina, mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye boti la abiria, kuandika mizigo. Tukatia nanga Yanonge. Juu ya ukingo, nje ya nyumba ya udongo, mzee mmoja alikuwa anamenya karanga na mwanamke mnene aliyekuwa anamgombeza kwa sababu anakula kuliko anavyomenya. Alikuwa yeye. Alioa uzeeni. Gazeti hakuanzisha tena, wala hakulitaja.

Alinishika mkono asiuachie. Aliuliza habari za mke wangu, za watoto. Nikamwambia kwamba mpaka sasa huwa naota siku zile tatu, naamka shati limelowa jasho.

"Mi vile vile niliogopa," akasema. "Niliogopa sana." Akaendelea kumenya. "Lakini nikuambie kitu. Katika ule mji nilipita kwenye milango ya batu miaka kumi na tatu, na penseli. Banajibu, ninaandika, ninaenda. Hakuna mutu aliniambia: Papa, ikala chini, kula. Kwa zile siku tatu nilikula nyumba makumi tatu na moya." Alicheka kidogo. "Yule wa Kabondo akafa. Ile haitoke moyoni. Na pamoja na ile, sikupata kuwa na furaha kama zile siku. Mutu anaweza kuwa na vyote mbili?"

Boti likapiga honi ya pili, na ya tatu ndiyo ya kuondoka, nikainuka.

Alikuwa ameshika mkono wa shati langu. Mke wake alikuwa ameleta liboke, moshi ukitoka katika majani, na birika la maji.

"Ikala," akasema. "Kula."

Honi ya tatu ililia, nikasikia wanavuta kamba. Nikanawa mikono.